Mkesha na Sikukuu Yake



 Juma hili sitaanza na masomo ya Dominika kama ilivyo desturi yetu. Nitaanza na barua.

Mama mmoja, aliyekuwa mwimbaji wa kwaya yetu kabla ya kuhamia Marekani, ameniandikia kutoka New York, huko Bronx. Anafanya kazi ya usiku ya kuwahudumia wazee. Mume wake anaendesha gari la mizigo, nao hupishana mlangoni, mmoja akitoka na mwingine akiingia. Wana watoto watatu: binti wa miaka tisa, kijana wa miaka sita, na mdogo wa miaka mitatu. Anasema mwisho wa Oktoba umekaribia, mji umejaa maboga, utando wa buibui wa bandia na mifupa ya plastiki, na watoto wanataka kusherehekea Halloween kama wenzao wa shuleni. Mavazi ya dukani ni makumi ya dola kwa mtoto mmoja. Kwa watoto watatu, ni fedha ya chakula. Tena hana hakika kama jambo lenyewe linamfaa Mkristo. Basi ananiuliza maswali mawili: Je, Padre, niwaruhusu? Na nikiwaruhusu, niwapeleke wapi na mfuko huu mtupu?

Barua ingeishia hapo, ningeijibu kwa mistari mitatu. Lakini chini kabisa, kama mtu anayeongeza jambo asilotaka lionekane kubwa, ameandika habari ya mama yake mzazi aliyefariki dunia mwezi wa Februari. Hakuweza kuja kumzika. Vibali vyake vilikuwa havijakamilika, na kama angetoka asingeweza kurudi kwa watoto wake. Tulimzika sisi, nami ndiye niliyeongoza ibada. Sasa yule kijana wa miaka sita alisimama juzi mbele ya mlango wa jirani uliotundikwa mifupa ya mtu, akauliza: "Mama, na bibi sasa yuko hivi?" Mama hakupata jibu. Alimshika mkono wakaenda zao.

Ndugu zangu, swali la tatu ndilo barua yenyewe. Yale mawili ya kwanza ni njia ya kulifikia.

Naungama mbele yenu kwamba jibu langu la kwanza lilikuwa jepesi. Niliandika: Fungeni mlango, zimeni taa, salini Rozari. Nilikuwa karibu kulituma, nikakumbuka usiku mmoja wa ujana wangu wa upadre. Nilikuwa masomoni New York, nikikaa katika nyumba ya mapadre ya parokia moja. Jioni ya tarehe 31 Oktoba wenyeji wangu walitoka, nikabaki peke yangu. Kengele ya mlango ilipolia sikufungua. Nilizima taa, nikaketi gizani na Rozari yangu, nikijiona shujaa wa imani. Nikasikia miguu midogo ngazini, kisha sauti ya mtoto ikiwaambia wenzake: hapa hakuna mtu. Wakashuka wakaenda. Nilisali mafumbo matano usiku ule, na sikumbuki hata moja. Ninachokumbuka ni sauti ya yule mtoto, mbele ya mlango wa nyumba ya Kanisa, akisema hapa hakuna mtu.

Kwa hiyo nimeifuta ile barua ya kwanza, na hii ndiyo ya pili. Naiweka hapa wazi, kwa kuwa najua si mama huyu peke yake mwenye maswali haya. Wapo wana wa parokia zetu walioko Minneapolis, Houston, Toronto na London. Na siku hizi hata katika miji yetu mikubwa vinyago hivi vimeanza kuonekana madukani.

Maoni yangu ni haya: ubaya wa Halloween si kwamba imetoka kuzimu, bali kwamba imekatwa katikati. Neno lenyewe ni mkato wa maneno ya Kiingereza cha zamani yenye maana ya mkesha wa watakatifu wote. Mnamo mwaka 609 au 610, Papa Bonifasi IV aliliweka wakfu hekalu la kale la Roma liitwalo Pantheon, kwa heshima ya Bikira Maria na mashahidi. Katika karne ya 8, Papa Gregori III aliweka wakfu kikanisa cha watakatifu wote katika Basilika la Mtakatifu Petro; na katika karne ya 9, chini ya Papa Gregori IV, sikukuu ya tarehe 1 Novemba ikaenea katika nchi za Wafranki. Karibu na mwaka 998, Abate Odilo wa Cluny, huko Ufaransa, aliwaagiza watawa wake wawaombee marehemu wote tarehe 2 Novemba. Hizo ni siku tatu zilizoshikana mikono: mkesha, sikukuu, kumbukumbu.

Ni kweli pia kwamba watu wa Ireland walikuwa na sikukuu yao ya kale ya mwisho wa mavuno, iitwayo Samhain, na kwamba baadhi ya desturi zake zilikaa pembeni mwa sikukuu ya Kanisa kama magugu yanavyokaa pembeni mwa shamba. Waliokimbia njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 walizibeba hadi Marekani. Kwao walikuwa wakichonga taa katika mizizi minene ya shambani. Ng'ambo wakalikuta boga, kubwa na laini zaidi. Mama yangu, tafakari hilo kidogo: desturi inayokufanya leo ujione mgeni maskini ilipelekwa huko na wageni maskini, nao wengi wao walikuwa Wakatoliki kama wewe.

Kilichotokea baadaye ni kwamba wafanyabiashara waliubakiza mkesha wakaiacha sikukuu. Mkesha bila sikukuu yake ni kizingiti kisicho na nyumba: watu wanasimama hapo usiku kucha wakitishana, wala hakuna anayeingia ndani. Tarehe 1 Novemba asubuhi mifupa ya plastiki inatupwa jalalani, na ile siku iliyokuwa ikisubiriwa haina mtu. Mtoto ameonyeshwa kifo, kisha akaachwa papo hapo. Ndipo anapouliza swali la kijana wako.

Kabla ya kufika huko, naomba kutoa onyo moja, nalo latoka kwetu. Kuita mizimu, kupiga ramli na kuagua, hata kwa mchezo, Kanisa limekataza wala halijabadili neno. Zaidi ya hayo, usimvike mwanao kinyago cha kikongwe mchawi. Huko New York kinyago hicho ni kichekesho. Lakini sisi tunatoka katika nchi ambamo, katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, bibi vizee wamekatwa mapanga kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Tunatoka katika nchi ambamo ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya ushirikina. Sisi tunajua hofu ya uchawi inavyoua. Wengine wanaweza kuifanya kuwa sura ya kuchezea. Sisi hatuna ruhusa hiyo, kwa heshima ya waliokufa. Mwambie binti yako sababu. Ana miaka tisa, ataelewa.

Sasa nije kwenye swali la mfuko. Mwaka huu wa 2026 kalenda imekupa zawadi: tarehe 31 Oktoba ni Jumamosi, Watakatifu Wote ni Dominika, na Marehemu Wote ni Jumatatu. Hata saa zitakuongezea kitu, kwa kuwa usiku wa kuamkia Dominika hiyo New York inarudisha saa nyuma, na wewe usiyelala utapata saa moja zaidi bila kuilipia. Nimekupangia siku hizo tatu kwa vitu ninavyovifahamu. Gharama yake kubwa ni nauli ya treni, dola 3 kwa kila safari. Watoto wenye kimo kisichozidi inchi 44, yaani kama sentimita 112, husafiri bure, hadi watatu kwa mtu mzima mmoja. Mdogo wako hatalipa. Yule wa kati mpime ukutani kabla hamjatoka.

Kwanza, mavazi. Yatoe kabatini. Binti yako avae kama Mtakatifu Josefina Bakhita, binti wa Sudan aliyeibwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akawa mtawa nchini Italia, na kutangazwa mtakatifu mwaka 2000. Gauni jeusi na kitambaa cha kichwani vinatosha. Kijana wako mpe taulo begani na kitana mkononi, awe Pierre Toussaint. Watu watauliza huyu ni nani, naye awajibu. Toussaint alizaliwa mtumwa katika nchi tunayoiita leo Haiti, akapelekwa New York mwaka 1787, akawa msusi wa wanawake matajiri. Kwa kazi ya mikono yake alimtunza mjane aliyekuwa bibi yake wa utumwani, akalea yatima, akawauguza wagonjwa wa homa ya manjano wakati wengine wakikimbia. Alipata uhuru mwaka 1807, akafa mwaka 1853. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alithibitisha kwamba aliishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Msusi huyo mweusi leo amelala katika kaburi la chini ya altare kuu ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Patrick, pamoja na maaskofu wa jiji lile, na hakuna mlei mwingine aliyezikwa hapo. Mlango wa Kanisa hilo hauna kiingilio. Mdogo wa miaka mitatu mvike shuka jeupe tu. Watoto wa umri huo hawahitaji kuigiza utakatifu.

Kama hadithi za watakatifu zimekupotea kichwani, nenda maktaba. New York ina mifumo mitatu ya maktaba za umma, kadi yake ni bure, na tangu Oktoba 2021 hawatozi tena faini ya kuchelewesha vitabu. Matawi mengi huwa na hadithi na kazi za mikono kwa watoto katika siku hizo, bila malipo. Uliza katika tawi la mtaani kwenu.

Jumamosi asubuhi, shukeni kusini mwa Manhattan. Pale karibu na ofisi za serikali yapo Makaburi ya Waafrika. Mwaka 1991, wajenzi wa jengo la serikali walipochimba msingi, waliikuta mifupa ya watu. Ilikuwa ya Waafrika, watumwa na watu huru, waliozikwa nje ya mji kati ya karne ya 17 na mwaka 1795. Inakadiriwa kwamba watu 15,000 walizikwa hapo. Waliofukuliwa walikuwa 419, na miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Mwanamke mmoja alikutwa na zaidi ya shanga 100 kiunoni mwake na meno yaliyochongwa kwa desturi ya kwao. Mama, wewe na mimi tunajua shanga hizo zina maana gani. Mtu alimvisha binti yake, mahali fulani Afrika. Bahari haikuzivua, wala utumwa haukuzivua, wala kaburi halikuzivua. Mwezi wa Oktoba mwaka 2003 wote 419 walizikwa upya kwa heshima, katika majeneza ya mbao yaliyochongwa Ghana. Tangu mwaka 2006 mahali hapo ni kumbukumbu ya taifa. Kiingilio ni bure, ila hapafunguliwi kila siku, hivyo ulizia saa zake kabla ya kuondoka nyumbani. Huko watoto wako wataona mifupa ambayo haikutundikwa mlangoni. Watu wazima wenye elimu na vyeo waliiinamia, wakaibeba kwa mikono miwili.

Kutoka hapo mnaweza kwenda kwa miguu hadi ncha ya kisiwa, kwenye kivuko cha Staten Island. Tangu mwaka 1997 hakina nauli. Safari ni kama dakika 25, na watoto wataiona Sanamu ya Uhuru wakiwa wamesimama na upepo wa bahari usoni, jambo ambalo wengine hulilipia. Moja ya vivuko hivyo, kilichoanza kazi mwaka 2023, kinaitwa Dorothy Day. Kama mkibahatika kukipanda, waambie watoto habari zake. Alibatizwa Staten Island mwaka 1927, na mwaka 1933 yeye na Peter Maurin walianzisha gazeti la wafanyakazi Wakatoliki, likauzwa senti moja, pamoja na nyumba za kuwapokea maskini. Alifariki mwaka 1980, na mchakato wa kumtangaza mtakatifu unaendelea. Aliishi miaka mingi kati ya watu wasio na kitu, na jiji lile likalipa jina lake chombo kisichomdai abiria chochote.

Mchana rudini Bronx. Wakati wa alasiri wenye maduka ya mtaani na wapangaji wa majengo huwapa watoto peremende. Waache watoto wako wapite, wavae watakatifu wao, waseme asante. Wabebe pia kopo la sadaka: tangu mwaka 1950 watoto wa Marekani wamekuwa wakikusanya senti siku hiyo kwa ajili ya UNICEF, ili wengine wapate dawa na maji. Na wewe, hata kama una mfuko mmoja tu wa pipi, weka bakuli mlangoni na uwashe taa. Mtoto yeyote akipita asiseme hapa hakuna mtu. Juu ya yale maandamano makubwa ya mavazi ya Greenwich Village, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1970 na fundi wa vinyago Ralph Lee, ni kweli ni ya bure, na mtu yeyote aliyevaa vazi anaweza kuingia msafarani. Lakini yanaanza usiku, umati ni mkubwa, na baadhi ya mavazi hayafai macho ya watoto. Ningesubiri wakue.

Jioni, nendeni Misa ya mkesha. Hapo ndipo mkesha wenu utakapopata nyumba yake, na wajibu wa Dominika utakuwa umetimia.

Boga, kama mtalinunua, liwe la kupikwa. Sijaona kwetu mtu akilichora boga sura kisha akalitupa. Lipike kwa nazi, mbegu uzikaange, na watoto wakuulize bibi alikuwa akilipikaje.

Dominika asubuhi, tarehe 1 Novemba, ni siku ya mbio za marathoni za New York. Kutazama ni bure kabisa. Wakimbiaji, zaidi ya 50,000 siku hizi, wanapita sehemu zote tano za jiji, na wanaingia Bronx karibu na maili ya 20, mahali ambapo miguu ya wengi hukataa. Wale wa mbele watafika hapo kabla ya saa tano asubuhi. Wengine watapita mchana kutwa, na hao ndio wanaohitaji makofi yenu zaidi. Waambie watoto kwamba mwaka 1989 Mtanzania Juma Ikangaa alishinda mbio hizo kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, muda ambao ulikuwa rekodi ya njia ile. Na kwamba mwaka 1994 Tegla Loroupe wa Kenya alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda hapo, kisha akarudi akashinda tena mwaka 1995.

Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania, katika sura ya 12, anatufundisha kwamba waliotutangulia wametuzunguka kama wingu kubwa tunapopiga mbio zetu. Sijaona mahubiri ya Watakatifu Wote yaliyo wazi kuliko barabara ile ya Bronx. Watu wanasimama pembeni kumpigia kelele mgeni wasiyemjua, wakiita jina lililoandikwa kifuani mwake, naye aliyekuwa amekata tamaa anainua tena mguu. Watakatifu wanatufanyia hivyo. Wamemaliza mbio, wakarudi kusimama ukingoni, wanatuita kwa majina.

Alasiri ya siku hiyo, nendeni makaburini. Yapo makaburi ya Wakatoliki ya Mtakatifu Raymond huko huko Bronx. Najua huna mtu wako aliyelala pale. Ndiyo maana nataka uende. Tafuta kaburi ambalo nyasi zimelifunika jina, ling'oeni nyasi, msome jina kwa sauti, msali Baba Yetu, Salamu Maria na Raha ya Milele. Kanisa linatoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu kwa kila mwamini anayetembelea makaburi kwa ibada na kuwaombea marehemu, tangu tarehe 1 hadi 8 Novemba, kwa masharti ya kawaida: kuungama, kukomunika, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kuacha moyoni mapenzi yote ya dhambi. Itoe kwa ajili ya mama yako. Hukuweza kupanda ndege mwezi wa Februari, lakini zawadi hiyo haihitaji ndege wala kibali, na hakuna ofisa atakayeizuia mpakani.

Nafika sasa kwa kijana wako. Akiuliza tena, usimvute mkono. Piga magoti mbele yake, umwambie: Hapana, mwanangu, bibi hayuko hivyo. Mwili wa bibi umelala katika udongo, na mifupa yake ipo kweli, sitakudanganya. Lakini bibi si mifupa yake, kama wewe usivyo lile vazi ulilovaa. Bibi yuko mikononi mwa Mungu, anakujua jina lako, na siku moja Mungu aliyemuumba atauinua pia mwili wake. Ile mifupa ya plastiki imetengenezwa kiwandani. Haijawahi kumpikia mtu chakula wala kumbeba mjukuu mgongoni. Usiiogope, wala usifikiri ni yeye.

Mwambie pia nilichokiona, maana wewe hukukiona. Siku ile ilikuwa ya jua kali. Bibi yake alikuwa na Rozari mkononi, ile ya mbegu nyeusi. Kwaya uliyoiacha ilimwimbia, na walipofika sauti yako ya tatu, waliiacha wazi, nadhani bila kukusudia. Tulimlaza upande wa kushoto wa baba yako. Jumuiya yake ilichimba kaburi, ikapika, ikalala pale siku tatu. Hakuzikwa peke yake, mama. Ulikuwa na sababu ya kutofika, na yeye aliijua; mwezi mmoja kabla ya kufa aliniambia kwamba anaona fahari kwamba binti yake anawatunza wazee wa watu. Nilidhani umekwisha kuambiwa. Barua yako imenionyesha kwamba hukuambiwa, na kosa hilo ni langu.

Basi tufanye hivi. Jumatatu tarehe 2 Novemba, parokia yetu itaadhimisha Misa ya Marehemu Wote makaburini saa tisa alasiri. Kwa kuwa saa zenu zitakuwa zimerudi nyuma, tutapishana kwa saa nane badala ya saba. Kwenu itakuwa saa moja asubuhi, wakati unaporudi kutoka kazini na watoto wanapoamka. Baada ya Misa, nitasimama kando ya kaburi la mama yako nikupigie simu. Vijana wa jumuiya watakuwa wamekwisha kufyeka majani. Nitanyunyiza maji ya baraka, na nitaishika simu karibu na msalaba, ili watoto wasali na wasikie ndege wa huku. Yule wa miaka sita ndiye atakayetaja jina la bibi yake. Afanye mazoezi asije akaona haya.

Kwenu ninyi wengine mliosoma hadi hapa: wapo watu katika vigango vyetu ambao watoto wao wako ng'ambo na hawakuweza kuja kuzika. Juma hili pitieni makaburi. Mkiona kaburi ambalo mwenyewe yuko mbali, pigeni jembe kidogo, kisha mumtumie ujumbe, mumwambie tu kwamba mmepita na pako safi. Ujumbe huo hauna gharama kubwa, na wapo wanaousubiri kwa miaka.

Mungu awabariki, Bikira Maria Malkia wa Watakatifu Wote awaombee, na roho za marehemu wetu zipate rehema kwa Mungu, wapumzike kwa amani. Amina.

Ni mimi, Padre wenu.